Siku Vinuru Walipokufa Mbele ya Wageni

Kila siku ya masomo, kengele ya saa tisa ilipolia, wanafunzi wa Shule ya Msingi Chemchemi Tatu walitimua mbio kuelekea getini. Felista alitimua mbio kuelekea upande wa pili. Alikuwa darasa la saba, ana miaka kumi na mitatu, na alikokimbilia ni chumba kimoja cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya majembe na mafyekeo. Harufu ya udongo ilikuwa bado haijakitoka chumba hicho. Dirisha lake lilielekea Milima ya Uluguru, lakini lilikuwa limezibwa kwa maboksi, kwa sababu kazi iliyofanyika mle ndani ilitaka giza.

Kwanza alifagia. Kisha alitandaza shuka jeupe ukutani, akalibana kwa misumari sita na kuhakikisha halina mkunjo hata mmoja. Abuu, mwanafunzi wa darasa lake ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliwasha kompyuta na projekta. Juu, darini, kulikuwa na kamera ndogo iliyofungwa kwa waya. Baada ya hapo walikaa kimya, na polepole lile shuka likageuka kuwa bwawa.

Ndivyo walivyoliita, Bwawa. Ndani yake waliogelea viumbe vidogo vya mwanga, ukubwa wa punje ya maharage, wengine wa njano, wengine wekundu. Wanaklabu waliwapa jina la vinuru. Wala usidhani ilikuwa sinema. Sinema hurudia mambo yale yale hata ukiitazama mara mia, na mtu wa kwenye sinema hasikii njaa. Kila kinuru alikuwa na njaa yake mwenyewe. Alitafuta chembe za kijani zilizoota bwawani, akizila alinenepa, na akinenepa vya kutosha alijigawa wakawa wawili. Mtoto alifanana na mzazi, ila si sawasawa: huyu mwepesi zaidi, yule mzito zaidi. Aliyekosa chakula alififia, kisha akafa.

Utamu wenyewe ulikuwa pale mgeni alipoweka kiganja chake juu ya shuka. Kamera ilikiona kiganja, na papo hapo chakula kikaota chini yake, mradi kijani hakijaisha bwawani. Vinuru wote wakaacha walichokuwa wakifanya na kukimbilia mkono ule. Watoto wa darasa la kwanza walipiga mayowe kila mara.

Aliyeleta wazo hilo ni Bi Mwanaheri, msanii na mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye alifika shuleni kila Jumatano kufundisha Klabu ya Kompyuta. Kwa mihula mitatu aliwafundisha kutunga kanuni na kuziandika ndani ya kompyuta: kanuni ya njaa, kanuni ya kuzaa, kanuni ya kufa.

"Sanaa hii ni ya kutunga kanuni, halafu unaondoa mkono," aliwaambia. "Yatakayotokea baada ya hapo ni maisha yao wenyewe. Mkono unaoruhusiwa ni mmoja tu, wa mgeni, na uwe mbele ya shuka, mahali kila mtu anapouona."

Akachukua chaki akaandika ukutani kwa herufi kubwa: HAKUNA MKONO WA NYUMA.

Felista aliipenda sana kanuni hiyo. Lakini ni yeye aliyeivunja.

Ilikuwa mwezi wa tano, siku Afisa Elimu Kata alipokuja kuchagua klabu moja itakayopewa cheti cha klabu bora ya kata na kuonyesha kazi yake kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane. Chumba kilijaa hadi mlangoni. Kila mtu alitaka kugusa. Viganja kumi, viganja kumi na tano, chakula kikaota kila mahali, vinuru wakazaana hadi shuka likawa halionekani. Kisha wakala kila chembe ya kijani iliyokuwapo, wakaanza kufifia mmoja mmoja.

Felista alikuwa amekaa nyuma ya meza, mbele ya kibodi. Alimwona mgeni akiacha kutabasamu. Alimwona Mwalimu Severin, Mwalimu Mkuu, akijipangusa jasho kwa leso. Na pale kwenye kibodi palikuwa na kitufe cha herufi N. Kitufe hicho walikitumia wakati wa majaribio tu. Ukikibonyeza, vinuru wapya ishirini huanguka bwawani. Kidole chake kikaenda. Akabonyeza mara moja, halafu ya pili. Mpaka mgeni anaaga, Felista alikuwa amebonyeza mara nne.

"Ajabu kubwa!" alisema Afisa Elimu. "Viumbe hawa wamekataa kufa!"

Watu walipiga makofi. Mwalimu Severin alikaribia kuruka. Palepale alichukua fomu ya maombi na kuandika kwa kalamu ya bluu: "Viumbe hawa huishi wenyewe bila kuongezwa wala kusaidiwa." Shule ikachaguliwa.

Aliyeona ni Abuu peke yake. Baadaye, walipokuwa wakikunja shuka, alimsogelea na kumnong'oneza.

"Umetutoa kimasomaso, Felista. Tumetoboa! Wewe kausha tu."

Felista alikausha. Lakini tangu siku hiyo kila alipoingia chumbani alijitahidi asiyatazame maandishi ya chaki.

Likizo ya mwezi wa sita alikwenda Kinole kwa Mjomba Alois, kaka yake mama. Katika ukoo wao neno la mjomba lina uzito kuliko la baba, na Mjomba Alois alilijua hilo vizuri mno. Alilima viungo: mdalasini, pilipili manga, na vanila, ambayo wakati huo ilikuwa inachanua.

Vanila ina mambo yake. Ua lake hufunguka alfajiri, na ikifika saa sita mchana limeshasinyaa. Na kwa kuwa milimani hapa hakuna mdudu anayejua kulichavusha, lazima mkulima mwenyewe apite na kijiti chembamba, ainue kijingozi kilichomo ndani ya ua, kisha abonyeze kwa kidole gumba taratibu. Ua moja moja, mche kwa mche, kabla jua halijapanda.

"Manane tu kwa kila shada," Mjomba alimkumbusha bila kugeuka. "Mengine yaache yaanguke."

Felista hakuhitaji kukumbushwa. Mwaka uliopita aliachwa shambani peke yake asubuhi moja, akauendea mche mzuri kuliko yote, ule wa kando ya njia, na kuchavusha kila ua lililokuwapo. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Mche ukabeba maganda mengi mpaka majirani wakaja kuyatazama. Lakini ulikuwa umebebeshwa kuliko nguvu zake. Kabla maganda hayajakomaa ukaanza kugeuka njano, ukanyauka kuanzia nchani hadi shinani. Sasa mti uliouegemea ulikuwa umesimama mtupu, na Mjomba hakuwa amepanda kitu kingine hapo.

Asubuhi hiyo alipita jirani mmoja, Mama Riziki, na kapu la mananasi kichwani. Akasimama.

"Alois, za asubuhi? Ile vanila yako ya hapa, iliyobeba hadi ikatisha, imekwenda wapi?"

Felista akainama haraka nyuma ya majani. Alitamani ardhi ipasuke.

"Tuliiua," alijibu Mjomba, huku akiendelea na kijiti chake. "Tuliibebesha maua yote, ikachoka, ikafa."

"We! Mbona na sisi tunachavusha yote?"

"Basi acheni leo hii. Manane tu. Mwambie na mzee nyumbani."

Mama Riziki alishika kapu lake vizuri. Aligeuza njia, akarudi alikotoka mbiombio na mananasi yake yakitikisika kichwani. Felista alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

"Mjomba, huoni aibu kumwambia?"

"Aibu ya nini? Ningemwambia imeliwa na kuvu, leo angekwenda kuua na yake." Mjomba akamtazama kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Fanya kazi, mama. Jua linapanda."

Felista aliinua kijiti lakini mkono ukabaki hewani. Akilini aliona shuka limejaa vinuru. Aliona viganja kumi na tano vyenye huruma vikimwaga chakula, na viumbe wale wakizaa na kuzaa, wakibebeshwa kama mche ule, hadi Bwawa zima likachoka. Kumbe ndicho kilichowaua! Na yeye alipobonyeza N, alikuwa akiongeza midomo penye njaa. Tena, kwa kuwa watu walidhani vinuru hawawezi kufa wote, hakuna hata mmoja katika klabu nzima aliyewahi kuuliza kwa nini siku ile walikuwa wakiisha.

Alijichukia vibaya sana. Halafu akakasirika, na hasira ilimfaa zaidi. Kabla maua hayajasinyaa alikuwa ameshakata shauri.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Felista. Ehe, wataalamu wetu wanasemaje? Mko tayari kwa Nane Nane?"

"Mwalimu, nimekuja kusema kosa langu. Siku ile Afisa Elimu alipokuja, vinuru walikuwa wanakufa. Mimi niliwaongeza kwa siri. Nilibonyeza kitufe mara nne."

Tabasamu la Mwalimu Severin likapungua polepole. Alikwenda kufunga mlango. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa ameipokea shule hiyo ikiwa ya mwisho katika kata, na kwa miaka sita aliisukuma mbele kwa jasho lake. Lakini jina zuri lilikuwa limemlevya.

"Nani mwingine anajua?"

"Abuu."

"Vizuri. Libaki hapo hapo. Fomu imeshakwenda."

"Basi tuifuate, mwalimu."

"Nini?"

"Fomu. Tuifuate tukairekebishe. Nimeshajua kinachowaua vinuru, na nadhani naweza kubadilisha kanuni wasife hovyo. Tunahitaji siku chache tu na Bi Mwanaheri."

"Bi Mwanaheri yuko safarini Dodoma, atarudi siku ya maonesho yenyewe. Na kitu kilichoshinda hakiguswi." Mwalimu Severin alipiga meza kwa kidole. "Utakaa kwenye kibodi kama siku ile, na ukiona mambo yanaharibika, utabonyeza."

"Sitabonyeza, mwalimu."

Sentensi hiyo haikuwahi kutamkwa ndani ya ofisi ile na mtu aliyevaa sare ya shule. Hata Felista mwenyewe alishtuka kuisikia. Lakini hakuirudisha.

"Basi kibodi atakaa Abuu," alisema Mwalimu Severin kwa sauti ya chini. "Wewe utasimama mbele, uwakaribishe wageni na kutabasamu. Toka nje."

Wiki nne zilizofuata zilikuwa ngumu. Wanaklabu walimnunia, maana habari zilivuja kwamba anataka kuwanyang'anya Nane Nane. Abuu alimfuata bombani.

"Felista, acha kuzingua bwana. Ni kitufe tu."

"Kama ni kitufe tu, wekeni mezani mbele ya wageni."

Abuu alifunga bomba kwa nguvu, akaondoka. Kwa Abuu, kuondoka kabla ya kusema la mwisho lilikuwa jambo la nadra. Felista naye hakulala usingizi wa uvivu: kila jioni, baada ya kuosha vyombo, alichukua daftari lake na kuandika kanuni mpya kwa kalamu, mstari kwa mstari, kana kwamba kesho yake ataruhusiwa kuziingiza kwenye kompyuta.

Siku ya kwanza ya maonesho ikafika. Uwanja ulijaa ng'ombe wa maziwa, matrekta, na matuta ya kabichi na nyanya yaliyopangwa kwa kamba. Wakulima walikuwa wameshuka kutoka kila upande wa mlima. Mjomba Alois naye alikuwa na meza yake ya viungo, si mbali na banda la shule. Banda hilo lilizungushiwa turubai jeusi, na ndani yake Bwawa lilimeremeta vizuri kuliko siku zote. Nyuma ya meza alikaa Abuu. Kitambaa cha meza kilishushwa kufunika kibodi.

Felista alisimama mbele na kukaribisha wageni. Kutabasamu hakutabasamu.

Saa tano akaingia Afisa Elimu Kata pamoja na wageni kutoka wilayani, na nyuma yao wakulima wengi, wanaume kwa wanawake. Viganja vikaanza kubandikwa kwenye shuka. Vigumu, vyenye sugu, vyenye udongo kwenye kucha. Watu hawa walikuwa wamezoea kushika vitu hai, na waligusa kwa furaha. Chakula kikaota kila mahali. Vinuru wakajaa. Felista alihesabu kimoyomoyo, akijua kinachokuja. Kijani kikaisha. Wa kwanza akafifia, wa pili, wa tano, wa ishirini.

"Mbona wanapungua?" aliuliza mama mmoja.

Mwalimu Severin alikohoa mara mbili. Abuu aliingiza mkono chini ya kitambaa.

Felista alizunguka meza kwa hatua tatu. "Abuu, toa mkono."

"Felista, usizingue, watu wanatuona!"

"Ndiyo. Wanatuona."

Akaishika kibodi, akaivuta kutoka chini ya kitambaa pamoja na waya wake, akainyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili ili hata aliyesimama mlangoni aione.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema kwa sauti kubwa. "Huu ndio mkono wa nyuma. Mwezi wa tano vinuru hawa walikuwa wanakufa, na mimi nikawaongeza kwa siri kwa kutumia hiki. Watu wakapiga makofi. Leo siongezi, na mwingine hataongeza. Wakifa, wafe mkiona."

Na wakafa. Ilichukua muda mrefu, au ilionekana hivyo. Wakabaki kumi, wakabaki watatu. Wa mwisho alikuwa mwekundu. Alizunguka shuka lote akitafuta chembe, akapita mahali palipokuwa na kiganja cha yule mama, ambaye alikuwa ameshakiondoa, kisha akazimika. Shuka likabaki jeupe tupu.

Mwalimu Severin alijaribu kucheka. "Ni hitilafu ndogo ya umeme, waheshimiwa."

"Si umeme, mwalimu," alisema Felista. "Ni sisi."

Uso wa Afisa Elimu ulikuwa umekunjamana. "Kwa hiyo mlinidanganya?"

"Mimi ndiye niliyekudanganya, mheshimiwa. Naomba unisamehe. Lakini tafadhali usiondoke kabla sijakuonyesha kwa nini wamekufa."

"Mwacheni aonyeshe," ilisema sauti kutoka nyuma. Alikuwa Bi Mwanaheri, na begi lake la safari bado liko begani. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Alipita katikati ya watu hadi mezani, akaitazama kibodi mikononi mwa Felista, akavuta kiti. "Kanuni zako ziko wapi?"

Felista alitoa daftari.

"Mikono ya wageni iliwalisha mno," alieleza, akigeukia wakulima. "Wakazaa kupita nguvu za Bwawa. Sasa nataka mkono usilete chakula kabisa. Kijani kiote chenyewe, kidogo kidogo. Mkono ufanye kama tunavyofanya kwenye vanila kule Kinole. Kinuru aliyeshiba, akiguswa kwa kidole kimoja, ndipo anazaa. Asipoguswa hazai."

"Na akishazaa, anaguswa tena papo hapo?" aliuliza mzee mmoja.

Felista alisita. Hilo hakuwa ameliandika.

"Utamchosha," yule mama akadakia. "Mpe kwanza muda apumzike."

"Na asizae maisha yake yote!" ilisikika sauti kutoka mlangoni. Alikuwa Mjomba Alois, ameacha meza yake ya viungo bila mtu. "Weka kikomo!"

Mjadala ukawaka. Huyu alisema mara mbili, yule akasema mara tatu, mwingine akataka kijani nacho kipumzishwe kama shamba. Wageni wa wilaya waliosimama kama wageni sasa walikuwa wakibishana na wakulima. Felista alisoma, Abuu akaandika kwenye kompyuta, vidole vikimwenda mbio kwa aibu na kwa juhudi, na Bi Mwanaheri alikagua kila mstari. Waliochoka kusubiri waliondoka. Wengi hawakuondoka.

Kazi ilipokwisha, Felista aliandika idadi mpya ya kuanzia na kuingiza vinuru kumi na wawili, akiwahesabu kwa sauti mbele ya watu. Kisha akachomoa waya wa kibodi, akaitundika yote kwenye msumari, mbele, kando ya shuka.

Watu walijipanga mstari. Kidole kimoja kimoja, taratibu. Aliyegusa kwa pupa hakupata kitu. Vinuru walipanda hadi arobaini, wakashuka hadi kumi na watano, wakapanda tena. Saa nane mchana walishuka hadi wanne, na watu wote wakasogea karibu na shuka. Abuu aliikodolea macho kibodi pale msumarini, akaweka mikono yake mfukoni. Kisha mmoja wa wale wanne akashiba, msichana mdogo akamgusa, wakawa watano. Kelele zilizopigwa ziliwashtua ng'ombe wa banda la jirani. Hadi jioni uwanja ulipofungwa, vinuru walikuwa bado wanaogelea.

Afisa Elimu alirudi kabla ya kuondoka. Mkononi alikuwa na ile fomu, na mbele yao wote alikata kwa kalamu ule mstari wa wino wa bluu.

"Cheti cha klabu bora ya kata hamtakipata mwaka huu," alisema. "Mlichaguliwa kwa uongo. Lakini banda hili libaki mpaka siku ya mwisho. Wakulima wananiuliza kama wanaweza kurudi kesho."

Wanaklabu walisononeka kwa ajili ya cheti. Hakuna haja ya kuficha. Bi Mwanaheri aliwaketisha kwenye nyasi nje ya banda, Mwalimu Severin akiwa amesimama pembeni.

"Nisikilizeni," alisema. "Felista alipobonyeza kitufe kile hakuwaokoa vinuru. Alituzuia sisi wote tusijue kinachowaua. Na anayeficha kosa hapati likizo: leo abonyeze, kesho abonyeze, mpaka lini? Aliyesema mbele za watu, 'Mimi ndiye niliyeharibu,' amepata watu arobaini wa kumsaidia kutengeneza. Leo mmekosa cheti, lakini kazi mliyonayo ni ya kweli. Hiyo hakuna mtu wa kuwanyang'anya."

Felista aliingia bandani, akachukua chaki na kibao, akaandika: KIZAZI CHA KWANZA WALIKUFA SAA TANO NA NUSU MBELE YA WAGENI. TULIWALISHA MNO.

"Si tukifute hicho kabla ya kesho?" aliuliza Abuu. "Wageni wapya hawana haja ya kujua."

"Usikiguse."

Mwalimu Severin alikuwa amewafuata ndani. Alisoma kibao chote, polepole, midomo ikitembea. Kisha akanyoosha mkono kuomba chaki, na juu ya maneno ya Felista akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: ANZA KUSOMA HAPA. Akajipangusa vumbi la chaki kwenye suruali.

"Nilikukosea, Felista," alisema. "Kesho uje mapema. Utarudi kukaa kwenye kibodi."

"Hapana, mwalimu," alijibu Felista, na sasa alitabasamu. "Hakuna tena wa kukaa kwenye kibodi. Iache pale pale msumarini."